Taa ya eabegi haizimiki tangu wiki ile gari lilipooshwa ndani: ni betri, ni maji au ni usukani?

#1 Mkazi wa Njiro

Habari za jioni, wakuu. Ninaleta kwenu jambo lililonisumbua kwa siku kumi na moja, na ambalo mafundi watatu wa hapa Arusha wamenipa majibu matatu tofauti. Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, ninalo kwa mwaka wa tatu sasa. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali), ile yenye picha ya mtu aliyefunga mkanda na duara mbele ya kifua chake, imewaka na haizimiki.

Ninaeleza mambo kwa mfululizo kwa sababu naamini jibu limo humo. Jumatatu betri ilikufa kabisa. Jirani akanibustia, na mchana nikanunua betri mpya. Jumatano nilipeleka gari likaoshwe ndani, kwa kuwa mtoto alikuwa amemwaga maziwa kwenye zulia. Vijana walifungua viti vyote viwili vya mbele, wakamwaga maji na sabuni, na niliporudishiwa gari zulia lilikuwa bado bichi. Ijumaa, nikielekea Moshi, taa iliwaka kwa mara ya kwanza nilipopita Usa River, ikazimika yenyewe, ikawaka tena Boma Ng'ombe, na tangu hapo haijazimika. Kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusika: kwa muda wa kama mwezi sasa, nikikata usukani kushoto hadi mwisho, honi hailii, nikiunyoosha, inalia.

Fundi wa kwanza alisema ni betri, wa pili alisema ni soketi chini ya kiti. Wa tatu hakupima chochote. Alitaka shilingi elfu kumi na tano ang'oe balbu ya taa hiyo kwenye dashibodi ili nisiione tena. Nilikataa, kwa sababu mke wangu na watoto wawili hupanda gari hili kila siku. Naomba mwenye uzoefu anielekeze pa kuanzia.

#2 Fundi Umeme Sakina

Umefanya vyema kukataa balbu isiguswe. Kabla ya yote nijibu maswali mawili. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa hiyo inawaka kama kawaida pamoja na nyingine? Na hapo ulipo, imewaka mfululizo au inapepesa?

Ninauliza kwa sababu gari lisilo na kasoro linatakiwa kuiwasha taa ya eabegi kwa takriban sekunde sita swichi inapofunguliwa, kisha kuizima. Katika sekunde hizo kompyuta ya eabegi inajikagua pamoja na kila waya unaokwenda kwenye eabegi, kwenye vikaza mikanda (vinavyoivuta mikanda wakati wa ajali) na kwenye sensa za mbele zinazohisi mgongano. Taa ikibaki, maana yake kuna saketi (njia ya umeme) moja au zaidi ambayo kompyuta haiiamini.

#3 Msafiri wa Himo

Mkuu wa Njiro, mimi nasimama na fundi wako wa pili. Nina Noah, taa iliwaka siku ileile nilipovuta kiti cha abiria nyuma ili nipakie mifuko ya saruji kwenda Himo. Fundi aliinama chini ya kiti, akakuta soketi ya njano imelegea, akaichomoa na kuichomeka upya hadi ikalia "kach", kisha akafuta kosa kwa mashine. Mwaka wa pili huu taa haijarudi. Wewe viti vyako viling'olewa kabisa. Sioni sababu ya kwenda mbali.

#4 Mkazi wa Njiro

Ahsante kwa majibu. Fundi wa Sakina, taa inawaka pamoja na nyingine ninapofungua swichi, halafu zile nyingine zinazimika na yenyewe inabaki, bila kupepesa. Kuhusu soketi ya chini ya kiti, fundi wa pili aliichomoa na kuichomeka mbele yangu, ila hakuwa na mashine ya kufuta kosa, na taa ilibaki vilevile.

#5 Mzaliwa wa Kibosho

Ndugu zangu, honi imeshatoa jibu na hamuisikilizi. Chini ya usukani, kati ya gurudumu lenyewe na nguzo yake, kuna kasha la duara ambalo mafundi wetu huliita klokispringi. Niliwahi kulifungua moja lililokufa. Ndani yake umo utepe mwembamba wa plastiki, upana kama wa futi ya fundi cherehani, uliobeba nyuzi bapa za shaba na kuviringwa kama jamvi lililokunjwa. Ukikata usukani upande mmoja utepe unajikaza, ukikata upande wa pili unajilegeza, na ndiyo njia ya pekee ambayo umeme unafika kwenye eabegi ya dereva na kwenye honi bila waya kujisokota na kukatika. Katika lile nililofungua, utepe ulikuwa umepasuka karibu na ukingo, mahali unapojikunja kila siku, na nyuzi mbili kati ya sita zilikuwa zimekatika huku plastiki ikizishikilia. Usukani ukiwa umenyooka, ncha zilikuwa zinagusana. Ukikata kona, zinaachana.

Sasa msome tena alichoandika aliyeanzisha mada: honi hailii akikata kushoto, inalia akinyoosha. Hiyo ilianza kabla ya betri na kabla ya maji.

#6 Baba Neema

Mzaliwa wa Kibosho, maelezo yako ni mazuri, lakini honi ya mwezi mzima haielezi kwa nini taa ingoje hadi wiki ambayo betri ilikufa. Volti zikishuka sana, kompyuta ya eabegi huwasha taa kwa sababu haina uhakika kama itakuwa na umeme wa kutosha kufyatua. Nilipata hali hiyo hiyo kwenye Premio yangu hapa Moshi; chanzo kilikuwa altaneta (inayochaji betri) iliyochoka. Ndugu apime volti injini ikiwa inanguruma. Na ushauri wangu wa haraka: achomoe betri kwa dakika kumi, kosa litajifuta lenyewe.

#7 Fundi Umeme Sakina

Baba Neema, sehemu ya kwanza ya maelezo yako ni sahihi, na katika Toyota nyingi volti zikirudi sawa taa huzimika yenyewe. Sehemu ya pili naomba niisahihishe kwa sababu watu wengi hapa mjini wanaifuata. Makosa ya eabegi huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme wa betri, kwa hiyo hata ukichomoa betri usiku kucha, asubuhi utayakuta palepale.

Kuchomoa betri kuna kazi nyingine kabisa. Kompyuta ya eabegi ina kapasita zinazotunza umeme wa akiba, ili eabegi ifyatuke hata kama betri imepondwa katika ajali. Ndiyo maana Toyota inaagiza uchomoe waya wa hasi na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi yoyote ya njano, na kampuni nyingine huagiza dakika tatu. Mkuu wa Njiro, yule fundi aliyechomoa soketi chini ya kiti, alichomoa betri kwanza?

#8 Mkazi wa Njiro

Hapana. Na swichi nadhani ilikuwa wazi, kwa sababu redio ilikuwa inaimba.

#9 Fundi Umeme Sakina

Basi huenda fundi huyo amekuongezea kosa jipya. Soketi ikichomolewa huku swichi imefunguliwa kabisa, kompyuta inaandika mara moja kwamba saketi hiyo imekatika, na hata ukiirudisha, kosa linaweza kubaki katika kumbukumbu. Mshukuru Mungu kwamba soketi nyingi za eabegi zina kipande cha chuma ndani kinachounganisha nyaya mbili pindi inapochomolewa, ili cheche ndogo isiweze kufyatua eabegi.

#10 Dereva wa Mbugani

Hapo mnaposema kufyatua ndipo ninapoogopa. Mimi huzunguka na wageni wiki nzima, na gari langu la nyumbani ni RAV4. Taa ilipowaka nilidhani eabegi inaweza kunilipukia usoni nikiwa njiani Karatu, nikaliacha gari nyumbani wiki mbili. Baadaye ilibainika kuwa ni sensa ya mbele, nyuma ya bampa, ambayo soketi yake ilikuwa imejaa vumbi na kutu. Mkuu wa Njiro angalia na huko mbele, hasa kama gari limewahi kugonga hata jiwe.

#11 Mzaliwa wa Kibosho

Dereva, pole kwa wiki mbili za miguu. Simba umewazoea, taa ndogo ya njano ikakufungia gari nyumbani. Lakini hofu yako wanayo wengi, na katika hali ya kawaida mambo huwa kinyume chake: taa ikiwaka, hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba eabegi haitafunguka siku utakapoihitaji. Baadhi ya magari huzima saketi yenye kasoro tu, na mengine huzima mfumo mzima. Vilevile eabegi haijazwi kwa kompresa kama watu wanavyodhani. Kuna kiwashio kidogo kinachowasha kemikali, gesi inajaa mfuko kwa takriban sekunde 0.03, na mara moja mfuko unaanza kunywea kupitia matundu ya nyuma.

#12 Binti Machame

Naomba niwaeleze yaliyonipata, maana swali la kwanza la fundi wa Sakina kwamba taa inawaka au haiwaki ndilo lililoniumiza mimi. Mwaka juzi nilinunua gari kwa mtu hapa Moshi. Taa ya eabegi haikuwahi kuwaka hata mara moja, nami nikalichukulia hilo kama dalili ya uzima. Nilipopeleka gari kubadilisha redio, fundi alifungua dashibodi upande wa abiria na kuniita nitazame. Mahali pa eabegi palikuwa wazi kabisa. Kifuniko kilikuwa kimeshonwa na kupakwa rangi, kwenye soketi ya njano kulikuwa na rezista mbili (vipande vidogo vya kuzuia umeme) zimefungwa kwa solotepu nyeusi, na balbu ya taa ilikuwa imetolewa. Gari lilikuwa limepata ajali, eabegi zikafunguka, na badala ya kununua nyingine mtu akaidanganya kompyuta.

Miezi minane mama yangu mzazi alikaa kiti hicho kila Jumapili tukienda kanisani. Ninaandika haya bado nikiwa na uchungu. Anayenunua gari lililotumika afungue swichi na ahesabu: taa lazima iwake, na lazima izimike peke yake baada ya sekunde chache. Ikizimika kwa wakati uleule na taa ya oili au ya betri, kwa mfano baada ya injini kuwaka, kuna uwezekano waya wake umeunganishwa na wa taa hiyo.

#13 Mwalimu Pasua

Pole sana, Binti Machame. Nina kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi kinachoongea na simu kwa bluetooth. Nilikijaribu kwenye Vitz yangu yenye taa kama hii, kikaniambia hakuna kosa lolote. Je, ina maana taa inadanganya?

#14 Fundi Umeme Sakina

Mwalimu, taa haidanganyi. Vifaa vingi vya bei ya chini husoma makosa ya injini tu na havina mlango wa kuingia kwenye kompyuta ya eabegi. Unahitaji mashine inayosoma mfumo huo. Hapa Arusha mafundi kadhaa wanazo. Ukitozwa pesa na usionyeshwe namba ya kosa kwenye kioo, hujapimiwa gari.

#15 Baba Neema

Kwa Toyota za miaka hiyo si lazima mashine. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha pini ya 13 na ya 16 kwenye soketi ya uchunguzi, taa inaanza kupepesa na wewe unahesabu mipepeso kupata namba ya kosa.

#16 Fundi Umeme Sakina

Baba Neema, tafadhali rekebisha hilo kabla mtu hajalifuata. Pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na waya huo utaunguza fyuzi au kitu cha thamani kuliko fyuzi. Pini zinazotakiwa ni ya 4 na ya 13. Ya 4 ni bodi ya gari, yaani hasi.

Mkuu wa Njiro, kama una mkono mtulivu fanya hivi. Kwanza fungua swichi, ngoja dakika moja, ndipo uunganishe 4 na 13 kwa kipande cha waya. Utasoma makosa yaliyopo sasa. Andika. Zima swichi. Kisha unganisha waya kwanza, ndipo ufungue swichi na kungoja tena dakika. Utasoma na yale yaliyowahi kutokea hata kama hayapo sasa. Taa ikipepesa haraka bila kusimama, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa lililoandikwa, na hapo Baba Neema atakuwa na hoja kubwa kuhusu volti. Ikipepesa mara moja, ikasimama kidogo, kisha mara nne, hiyo ni 14.

#17 Baba Neema

Nimekubali, ni 4 na 13. Nilichanganya, na ninaomba radhi kwa atakayekuwa amesoma.

#18 Mfanyabiashara wa Kilombero

Kuna jambo lipo karibu na mada hii ambalo taa haiwezi kulionyesha kabisa. Eabegi nyingi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani zilitumia kemikali ya amoniamu nitrati, ambayo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu huharibika, na siku eabegi inapofunguka kasha lake la chuma hupasuka na kurusha vipande kwa aliyeketi mbele. Makampuni mengi yakiwemo Toyota, Honda, Nissan na Mazda yaliita magari yao kwa mamilioni ili yabadilishiwe, na Takata yenyewe iliomba kinga ya mufilisi mwezi Juni 2017. Magari mengi tunayoendesha hapa ni ya umri huohuo na yametoka Japani moja kwa moja. Taa itazimika vizuri baada ya sekunde sita, kwa kuwa umeme hauna kasoro, na hatari iko ndani ya kasha.

Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama limo kwenye orodha.

#19 Msafiri wa Himo

Hii ni habari nzito. Je, sisi wa baridi ya Arusha tuna nafuu kuliko walioko Tanga na Dar es Salaam?

#20 Mfanyabiashara wa Kilombero

Joto na unyevu wa pwani huharakisha uharibifu, hilo ni kweli. Lakini gari linaloegeshwa Njiro leo huenda liliishi Tanga miaka sita kabla ya kuuzwa kwako, na kemikali inakumbuka. Usitegemee hali ya hewa, angalia namba ya chesisi.

#21 Mama Wawili

Samahani kwa kuingilia. Kama taa imewaka na eabegi ya abiria huenda haifanyi kazi, je, naweza kumweka mtoto wangu wa miezi saba mbele kwenye kiti chake kinachotazama nyuma? Dada yangu aliniambia ni salama kwa kuwa eabegi imezimika.

#22 Mzaliwa wa Kibosho

Hapana, mama. Taa inasema mfumo una kasoro. Haisemi eabegi ya abiria imezimwa. Huenda ni ya dereva iliyokufa na ya abiria ni nzima kabisa. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi, kwa sababu mfuko ukifunguka unakipiga kiti chenyewe mahali kichwa cha mtoto kilipo. Mweke nyuma, taa iwe imewaka au imezimika.

Na sisi watu wazima tukae na nafasi ya sentimita 25 au zaidi kati ya kifua na katikati ya usukani, mkanda ukiwa umefungwa. Eabegi ilitengenezwa imsaidie aliyefunga mkanda.

#23 Mkazi wa Njiro

Wakuu, nimesoma makosa leo saa mbili asubuhi kwa waya, mke wangu akihesabu na mimi nikiandika. Makosa yaliyopo sasa, usukani ukiwa umenyooka: 74 peke yake. Makosa yaliyowahi kutokea: 14 na 74. Tulirudia mara tatu, majibu ni yaleyale.

#24 Fundi Umeme Sakina

Kazi nzuri. Katika Toyota za kundi lako, 14 ni saketi ya eabegi ya dereva kukatika, na 74 ni saketi ya kikaza mkanda cha kushoto kukatika. Kwa gari letu lenye usukani kulia, kushoto ni kwa abiria. Kikaza mkanda ni kile chombo kinachouvuta mkanda kwa ghafla wakati wa ajali, nacho kina kiwashio kama cha eabegi.

#25 Msafiri wa Himo

Nilisema! Kiti cha abiria, soketi, maji ya kuoshea.

#26 Mzaliwa wa Kibosho

Nami nilisema usukani, na 14 iko pale. Ila Msafiri, naomba nikusahihishe kwa upole: kwenye IST ya toleo la kwanza kikaza mkanda hakiko chini ya kiti, kiko chini kabisa ya nguzo ya kati ya mlango, ndani ya plastiki ile ambayo mkanda unatokea. Soketi ya chini ya kiti ni ya eabegi ya ubavuni kwa magari yaliyo nayo. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa chanzo, lakini si kwa njia uliyoieleza.

#27 Baba Neema

Bado siridhiki. Hiyo 14 ni kosa lililopita. Linaweza kuwa la siku betri ilipokufa na kubustiwa, au hata la mwenye gari wa kwanza huko Japani. Msimwagize ndugu yetu anunue klokispringi kwa kosa ambalo halipo.

#28 Mzaliwa wa Kibosho

Halipo kwa sababu usukani ulikuwa umenyooka alipopima. Asome tena akiwa amekata kushoto hadi mwisho.

#29 Dereva wa Mbugani

Wakati mnabishana, atakayefungua asithubutu kupima kiwashio cha eabegi wala cha kikaza mkanda kwa mita ya kupimia umeme. Kijana mmoja katika gereji niliyokuwa napeleka magari aliweka ncha za mita kwenye eabegi iliyokuwa imelazwa mezani, na bahati yake ni kwamba alizuiwa na mzee aliyekuwa pembeni.

#30 Fundi Umeme Sakina

Dereva amesema jambo la msingi. Mita hupeleka umeme wake mdogo katika kile inachokipima, na kiwashio hakihitaji mwingi. Njia ya fundi ni hii: chomoa hasi ya betri, subiri, chomoa eabegi na uilaze uso ukitazama juu, kisha mahali pake weka rezista ya omu 2. Rudisha betri, futa kosa, fungua swichi na usome. Kosa likiondoka, tatizo lilikuwa eabegi yenyewe. Likibaki, tatizo liko kwenye waya au klokispringi. Unahamisha rezista hadi soketi ya chini ya klokispringi na kurudia, na hapo kipande kibovu kinajitenga chenyewe.

Rezista ileile iliyotumika kumdanganya Binti Machame ndiyo tunayoitumia kutafuta ukweli, ila kazi ikiisha inatolewa.

#31 Mkazi wa Njiro

Nimerudi na taarifa ya jana. Fundi mwenye mashine alichomoa betri, tukanywa chai, ndipo akafungua plastiki ya nguzo ya kati upande wa abiria. Zulia chini yake lilikuwa bado linatoa maji ukilibonyeza kwa kidole, baada ya majuma mawili. Soketi ya njano ilikuwa imechomekwa vizuri, lakini alipoifungua, pini moja kati ya mbili ilikuwa imeshika ukungu wa kijani kama ule wa sarafu ya zamani. Aliipiga dawa ya kusafishia soketi, akaisugua taratibu, akakausha kwa hewa na kurudisha. Kosa la 74 limefutika na halijarudi.

Volti: 12.6 injini ikiwa imezima, 14.1 ikinguruma. Baba Neema, altaneta ni nzima.

Niliondoka pale taa ikiwa imezimika. Nilifika Mnara wa Saa, nikazunguka, nikashuka hadi nyumbani, bado imezimika. Nilipokata kona ya kushoto kuingia getini, ikawaka. Nimesoma kwa waya: 14, na safari hii ipo sasa, si ya zamani.

#32 Msafiri wa Himo

Huo ukungu wa kijani haukutokea ndani ya wiki mbili. Mimi naamini maji yalikuwa yanaingia siku nyingi, pengine kupitia mpira wa mlango, na kuosha kuliongeza tu. Angalia pia na waya unaopita chini ya zulia upande wa dereva kabla ya kununua spea.

#33 Baba Neema

Nami nakubali altaneta ni nzima, lakini bado nasema betri ilikuwa na mchango. Gari lilikuwa na honi mbovu kabla ya hapo na taa haikuwaka hata siku moja hadi umeme ulipokatika ghafla. Naomba anayejua anieleze kwa nini.

#34 Mzaliwa wa Kibosho

Kwa sababu utepe una nyuzi kadhaa, Baba Neema, na hazikatiki siku moja. Ulianza uzi wa honi, ukafuata wa eabegi.

#35 Baba Neema

Inawezekana. Au ni sadfa ya wiki moja. Ningependa kuona rezista ikiwekwa kwanza.

#36 Mkazi wa Njiro

Nitafanya hivyo Jumamosi, rezista kwanza na spea baadaye. Klokispringi ya mtumba nimeambiwa shilingi elfu tisini, na muuzaji amekubali niirudishe ikiwa bado imo kwenye vifungashio vyake. Hadi hapo gari limeegeshwa na tunapanda daladala.

#37 Fundi Umeme Sakina

Ukifika hatua ya kuifunga, magurudumu yawe yamenyooka kabla hujatoa usukani. Klokispringi utakayofunga izungushwe taratibu kinyume cha saa hadi igome, kisha irudishwe kwa mwendo wa saa mizunguko miwili na nusu hadi alama nyekundu zikutane. Fundi akiifunga bila kuipima hivyo, utepe utakatika kwenye kona ya kwanza ukikata usukani hadi mwisho, na elfu tisini itakuwa imekwenda.

#38 Mwalimu Pasua

Nami nimesoma Vitz yangu kwa waya, 4 na 13. Inapepesa haraka bila kusimama, wala hakuna namba, lakini taa haizimiki. Baba Neema, volti nizipimie wapi?